Vanishi ya Baba Mkubwa

Nilimaliza kumchora baba mkubwa wiki tatu kabla ya ibada yake ya kumbukumbu. Kama ningejua kwamba kumaliza ndiko kungeanzisha ugomvi, ningebakiza sikio moja.

Baba mkubwa alikuwa mume wa dada yake mama yangu. Yeye na mama mkubwa ndio walionilea hapa Karatu na kunisomesha mpaka kidato cha nne. Kisha nikaondoka na begi moja, na kwa miaka zaidi ya ishirini sikurudi kukaa. Nilikuwa napita kusalimia, kama dereva anayeacha injini inanguruma nje. Yeye mwenyewe alikuja kijana kutoka Kilimanjaro, akapata kazi ya kuendesha greda kwenye barabara za vumbi za huko Ngorongoro, akaifanya mpaka mgongo ulipokataa. Alikuwa anasawazisha barabara asubuhi, magari ya watalii yanaichimba mchana, kesho yake anaanza upya. Alisema ni kazi nzuri kwa sababu haiishi.

Alipofariki, ukoo ulikuja ukamchukua, ukamzika kwao, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Desturi ni desturi, hakuna aliyebisha. Mama mkubwa alibaki Karatu na nyumba, ng'ombe mmoja, na picha ya paspoti ambayo muhuri wa bluu umempitia marehemu kwenye kidevu.

"Kaburi wamechukua wao," aliniambia kwenye simu. "Wewe si unachora? Nichoree mimi nibaki na uso."

Nikaja. Nilikuwa Iringa wakati huo, na kwa kweli Iringa na mimi tulikuwa tumeshachokana.

Kuchora nilijifunza nikiwa mhudumu wa mezani kwenye kambi moja ya kitalii, juu kabisa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Alikuja bibi mmoja wa Kizungu, mchoraji, akakaa wiki sita akipaka ukungu. Alipoona namwangalia zaidi ya ninavyohudumia meza, akanifundisha mambo matatu. La kwanza, rangi yenye mafuta mengi ikae juu ya rangi yenye mafuta machache. La pili, brashi hailambwi. La tatu, picha ya rangi za mafuta haipakwi vanishi mpaka ipite miezi sita, kwa maana juu huonekana imekauka wakati chini bado ni mbichi. Alipoondoka aliniachia mirija ya rangi iliyobaki, na mimi nikaacha kazi ya sahani.

Hilo la tatu nimelihubiri nchi nzima. Nimelihubiri Mto wa Mbu, Moshi, Mwanza na Mbeya, kwa wachoraji wenzangu na kwa watu waliokuwa wanasubiri basi tu. Lakini kulitenda, sijawahi. Picha yangu hata moja haijawahi kufikisha miezi sita mbele ya macho yangu, kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kufikisha miezi sita mahali. Simba niliowachorea watalii waliuzwa wabichi, wamefungwa kwenye magazeti. Naamini huko Ulaya kuna sebule kadhaa zenye simba aliyeganda na gazeti kwenye manyoya ya shingo.

Basi nilimchora baba mkubwa kuanzia magotini kwenda juu, amevaa suti ya kahawia, mikono imepumzika juu ya magoti. Mama mkubwa alikuwa anapita nyuma yangu na ndoo ya maziwa, anasimama, anasema, "Pua hiyo siyo," anakwenda zake. Siku alipopita bila kusema kitu nikajua nimempata. Nikamalizia na kola ya shati, nyeupe, nikaipaka nene kwa furaha, nikaweka sahihi.

Tatizo lilikuja na ukaukaji. Rangi za giza hunywa mafuta yake zenyewe zikabaki kavu na butu, wakati nyingine zinaendelea kung'aa. Na ukungu wa huku haufuati ratiba ya mtu. Baada ya wiki mbili shavu la kushoto la baba mkubwa lilikuwa linang'aa vizuri, lakini paji la uso, shingo na mikono vilikuwa vimefifia kama ubao uliofutwa chaki.

Hapo ndipo kamati ya ibada ilipokaa. Mwenyekiti alikuwa mdogo wake marehemu, baba yangu mdogo kwa hesabu ya ukoo, aliyekuja na gari lake kutoka Kilimanjaro. Ni mstaafu ambaye hakuna mtu aliyepata ujasiri wa kumwambia kwamba amestaafu. Ibada ingefanyika Karatu, maana hapa ndipo marehemu alipoishi na kusali, na tayari kulikuwa na kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya hema, na kundi la WhatsApp lililokuwa linatuma maua kila asubuhi. Baba mdogo alisimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

"Marehemu kapauka," alisema.

Na ilikuwa kweli. Kwetu mtu anaweza kutoka nyumbani na njaa, na usingizi, hata na dhambi, lakini hatoki amepauka. Mtoto mwenye miguu mikavu anamwaibisha mama yake mtaa mzima. Na huyu alikuwa anatolewa mbele ya kanisa.

"Anahitaji vanishi," akaendelea baba mdogo. "Fundi yupo."

Fundi alikuwepo kweli, amekaa karibu na sahani ya maandazi. Ni seremala kutoka Buger, mtu mwema. Karatu ni mji wa vanishi. Hoteli zetu zinapaka vanishi nguzo, kaunta, vinyago, na visiki ambavyo vilitaka tu kuozea mahali pake. Na vyote hivyo, au nusu yake, vimepita mkononi mwa fundi huyu, pamoja na vitanda vya maharusi na majeneza. Jeneza la baba mkubwa lilikuwa lake. Aliinuka, akapangusa sukari, akatoa mfukoni kipande cha msasa.

"Cha kwanza tunampiga msasa kidogo," alisema. "Laini tu, hapa kwenye paji."

"Msasa!" nikapiga kelele.

"Bila msasa haishiki, kaka. Hata jeneza lake nilipiga."

Nikasimama kati ya fundi na paji la uso la baba mkubwa, nikatoa somo. Nilieleza miezi sita. Nilieleza juu na chini, kavu na mbichi. Nilinyanyua kidole.

"Miezi sita?" fundi aliuliza kwa upole. "Zege lenyewe ni siku ishirini na moja, na linabeba ghorofa."

Kamati ikacheka. Baba mdogo alisubiri wamalize, akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amekuja nalo tangu nyumbani kwake.

"Ikipakwa vanishi imekamilika. Na ikikamilika, ibada ikiisha tunaondoka nayo. Nyumba ya ukoo ina ukuta mzuri sana, unatazamana na mlango. Atakuwa karibu na kaburi lake."

Mama mkubwa alikuwa anamimina chai. Chai ikakatika hewani.

"Na mimi?"

"Shemeji, mlango uko wazi siku zote. Utakuja kumwangalia."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba picha ni ya mama mkubwa, kwamba yeye ndiye aliyeniita, na kwamba kaburi walishachukua. Maneno yalikuwepo mdomoni. Badala yake nikarudia habari za rangi mbichi, kwa sauti kubwa zaidi. Mtu aliyezoea kuondoka hajifunzi kugombania ukuta.

"Kamati imeamua," alisema baba mdogo. "Fundi aje Ijumaa asubuhi. Jumamosi ibada."

Mama mkubwa alimaliza kumimina chai. Kisha akamgeukia fundi, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu.

"Mwanangu, hiyo vanishi yako huwa inakataa nini?"

"Vitu viwili tu, mama. Vumbi na mafuta. Ukiwa hata na kidole cha chapati ukakigusisha hapo, inajikunja, haishiki."

"Ahaa," alisema, akamsogezea sahani ya maandazi. Kisha akaniuliza mimi: "Na zile zako ulizopaka vanishi, zilikaaje?"

"Vizuri tu, Mama mkubwa," nikasema.

Akaniongezea chai, akinitazama.

Alhamisi nilitumwa Ganako kuazima masufuria ya pilau. Niliporudi mchana, kanisani walikuwa wamemwita mama mkubwa kufagia, na madirisha ya sebule yalikuwa wazi upande wa barabara. Niliweka masufuria chini, nikamtazama baba mkubwa. Alikuwa mwekundu.

Sisemi mwekundu kidogo. Uso, shingo na mikono vilikuwa vimefunikwa vumbi la udongo wetu, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye mswaki. Suti yake ilikuwa safi. Ukuta ulikuwa safi kiasi chake. Nikagusa paji kwa ncha ya kidole, kidole kikateleza. Nikanusa. Yalikuwa mafuta ya mgando, yale ya kopo tunayopaka watoto.

Mama mkubwa aliingia akanikuta nimekaa chini.

"Nilimpaka asubuhi," alisema. "Sehemu za ngozi tu. Suti sikuigusa."

"Mama mkubwa, umeweka mafuta ya mgando kwenye picha!"

"Kwani fundi alisema vanishi inakataa nini?"

Nikapangusa kidole kwenye suruali.

"Vumbi na mafuta," alijijibu mwenyewe. "Mafuta nimeweka mimi. Vumbi sikuliita." Akasogea karibu na picha, akaitazama, na uso wake ukabadilika. "Lakini angalia. Si ndivyo alivyokuwa anaingia?"

Ndivyo hasa. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote ile alikuwa anashuka kwenye gari la kazi jioni akiwa na rangi moja kuanzia nywele mpaka kucha, macho tu ndiyo yanaonekana ni ya mtu. Mama mkubwa alikuwa anamsubiri mlangoni na beseni. "Hakuna atakayeingia kwangu amepauka," alikuwa anasema, na baba mkubwa, mtu ambaye mtambo mzima ulimtii, anakaa kwenye kigoda, anaoshwa uso, shingo na mikono, anapakwa mafuta, ndipo anaruhusiwa kutusalimia. Nilimchora miezi miwili, nikahangaika na pua, na beseni halikunijia kichwani.

"Lete beseni," alisema.

"Maji hapana. Subiri."

Nilileta mafuta ya kitani, yale ninayochanganyia rangi, na khanga kuukuu iliyolainika kama ngozi ya sikio. Nilianza na mkono wa kushoto. Vumbi na mgando vikatoka pamoja, na kidogo rangi ya kahawia. Nilipofika usoni nikasimama. Ndani ya macho nilikuwa nimeweka nukta mbili nyeupe, ndogo kama punje za chumvi, na nilijua bado ni mbichi. Zikifutika, anabaki mtu aliyekaa tu.

"Nipe," alisema mama mkubwa.

Alizungushia khanga kwenye kidole cha shahada, akafuta kuanzia puani kwenda nje, chini ya jicho, juu ya jicho, akipita kwenye ukingo bila kugusa ndani. Kule hospitali, wiki za mwisho za baba mkubwa, alikuwa anamfuta hivyo kila siku, manesi wakamwachia. Hakuwa na haraka. Alifuta mikunjo ya paji mmoja mmoja.

Tulipomaliza ilibaki ngozi nyembamba sana ya mafuta ya kitani, na kahawia yote iliyokuwa imezama ikawa imepanda juu. Baba mkubwa alikuwa anang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Baadaye nilikuja kukumbuka kwamba yule bibi wa ukingoni alikuwa anafanya jambo kama hilo kwa picha zilizofifia. Huenda lilikuwa somo la nne, nikawa naosha sahani.

"Sasa niambie," alisema mama mkubwa akikunja khanga. "Umewahi kupaka vanishi wewe?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Nilijua," alisema. "Mtu aliyefanya kazi hapigi kelele vile."

Ijumaa asubuhi fundi alikuja na kopo lake na brashi pana. Aligusa paji, akatazama kidole, akakisugua na dole gumba, akamtazama mama mkubwa, akanitazama mimi, akafunga kopo.

"Hapa hata nikipaka itabanduka kama ngozi ya nyoka," alisema. "Mzee nimwambieje?"

"Kwani amekuuliza?" mama mkubwa alisema. "Kunywa chai."

Baba mdogo alikuwa amekwenda kushughulikia hema, na aliporudi alikuta picha inang'aa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuuliza. Viongozi wengi hawaulizi kitu kikishang'aa.

Jumamosi hema lilijaa. Picha ilisimamishwa mbele, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotegemea vijiti ili kisimguse. Mshereheshaji alitusimamisha, akatukalisha, akatusimamisha tena. Baba mdogo akavuta kitambaa. Watu walivuta pumzi, na mwanamke mmoja nyuma akasema, "Hee! Kama anataka kuuliza kitu!" Mama mkubwa alikuwa amekaa mstari wa mbele, hakulia, alikuwa anaangalia kama paji limebaki sawa.

Halafu zikaja hotuba. Baba mdogo alisema kuna watu waliotaka tusubiri miezi sita, lakini kamati ilisimama imara. Wageni walimfuata fundi kumpongeza. Alikuwa amevaa koti, anapokea mikono yote.

"Vanishi imekubali kweli kweli."

"Tunamshukuru Mungu," fundi alikuwa anajibu.

Baada ya pilau baba mdogo aliagiza blanketi kutoka kwenye gari. Akalikunjua. Mama mkubwa akasimama, taratibu, akajifunga khanga vizuri.

"Shemeji, kabla hujamfunika, mguse kola."

"Nimguse ya nini?"

"Gusa tu. Maana blanketi likimganda, ukoo mtapokea marehemu mwenye manyoya."

Watu wakageuka. Baba mdogo, mwanaume mbele ya watu, aliweka dole gumba kwenye kola na kukandamiza, kama anayejaribu godoro dukani. Dole likazama. Alipolitoa lilikuwa jeupe, na kwa mshtuko akalifuta kwenye koti lake jeusi.

"Yesu wangu, kumbe mbichi!" alisema yule mwanamke wa nyuma.

"Lakini si imepakwa vanishi?" Baba mdogo alimgeukia fundi.

Fundi alikuwa na kipande cha nyama njiani. "Mimi, mzee? Mimi sikupaka. Ilikataa."

"Na hongera ulizopokea tangu asubuhi?"

"Nilipewa, mzee. Sikuomba."

Hema lilicheka, hata mchungaji alijificha nyuma ya soda. Mama mkubwa hakucheka. Alingoja kicheko kiishe chenyewe.

"Mwenye kazi alisema kwenye kikao," alisema. "Miezi sita. Mkamcheka. Haifunikwi, haisafiri, haipakwi kitu. Inakaa ukutani kwangu mpaka ikauke."

"Na hiyo vanishi ya miezi sita ataipaka nani?" baba mdogo aliuliza. Alijua historia yangu. "Huyu? Huyu wiki ijayo yuko Songea."

Ilikuwa kweli. Kulikuwa na mgahawa Songea uliotaka twiga ukutani, na nilishaahidi. Mama mkubwa alinigeukia, na hema zima likageuka naye.

"Huyu anakaa hapa," alisema. "Si ndiyo, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama mkubwa," nikasema. Ilikuwa sentensi yangu fupi kuliko zote kuhusu vanishi, na ndiyo pekee iliyosaidia mtu.

Nimekaa. Naandika mabango ya hoteli na kupaka pundamilia kwenye milango ya magari. Mvua zimekuja, ukungu umeshuka mpaka sokoni. Picha iko juu ya kochi, na alama ya dole gumba bado ipo kwenye kola. Nilitaka kuirekebisha, mama mkubwa akasema iache, ni saini ya shahidi. Kila jioni akitoka kukamua anapangusa mikono na kuweka mgongo wa kidole kwenye paji la mumewe, kama anayempima mtoto homa. Baba mdogo anapiga simu kila mwisho wa mwezi: imekauka?

Jumapili iliyopita miezi sita ilitimia. Nilikuwa nimeagiza Arusha kopo dogo la vanishi ya picha, ile yenyewe, na brashi mpya laini. Nilifunga madirisha kwa ajili ya vumbi. Nikajaribu kola kwa ukucha. Ilikuwa ngumu kama sahani. Nikafungua kopo, la kwanza katika maisha yangu, harufu ikajaa sebuleni.

Mama mkubwa alikuja na mikono yenye maziwa. Akaipangusa. Akagusa paji.

"Bado," alisema.

"Mama mkubwa, imekauka. Hebu gusa kola."

"Nimegusa. Bado."

Simu ililia mezani. Sote wawili tuliona ni nani. Hakunizuia wala hakunihimiza. Alisimama tu pale na kidole kwenye paji la baba mkubwa.

"Bado, baba mdogo," nikasema kwenye simu. "Ni huu ukungu wa huku."

Nikarudisha kifuniko cha kopo, nikakigonga kwa kisigino cha kiatu mpaka kikaziba. Mama mkubwa akafungua madirisha.